Viwakilishi vinapozidi: Namna ya kuandika Kiingereza kisichomchosha msomaji

TATIZO moja linalojitokeza mara kwa mara katika maandishi ya Kiingereza ya watu waliolelewa katika Kiswahili ni wingi wa viwakilishi vya nafsi. Aya haijafika nusu na tayari "I" imetajwa mara sita, au "he" imerudiwa hadi msomaji hajui tena ni nani anayesemwa. Huenda pasiwe na kosa hata moja la sarufi. Tahajia ni sahihi, nyakati za vitenzi ni sahihi, na bado maandishi yanasikika kama mtu anayegonga msumari mmoja tangu asubuhi.

Hili si jambo dogo katika sehemu kama Bofa, eneo la ufuo katika mji wa Kilifi, kati ya Mombasa na Malindi. Kandokando ya Barabara ya Bofa kuna hoteli, mikahawa na nyumba za kukodisha wageni, na anayetafuta kazi huko aghalabu hutakiwa kuleta barua iliyoandikwa kwa Kiingereza. Katika mji huohuo kipo Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopata hadhi kamili ya chuo kikuu mwaka wa 2013, ambapo wanafunzi huandika tasnifu zao kwa lugha hiyo. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinavitambua Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Kenya. Hata hivyo, mikataba, barua za kazi na hati nyingi za ofisini bado huandikwa kwa Kiingereza, na hupimwa na watu wasiomjua mwandishi isipokuwa kwa karatasi aliyowaletea.

Tuchukue barua ya mfano ya kijana anayeomba kazi ya upishi:

"I am a young man from Bofa. I was born in Kilifi. I finished Form Four in 2019. I did a course in food production. I worked in a restaurant for two years. I am hardworking. I can work under minimum supervision. I am asking you to consider me for a job."

Sentensi ni nane, na zote nane zinaanza kwa "I". Mkuu wa jikoni mwenye barua nyingine arubaini mezani hatamlaumu kijana huyu kwa lolote. Ataiweka tu barua kando pamoja na nyingine zinazofanana nayo.

Sasa tuyaseme maneno hayohayo kwa Kiswahili: Mimi ni kijana wa Bofa. Nilizaliwa Kilifi, nikamaliza kidato cha nne mwaka wa 2019, nikasomea upishi, kisha nikafanya kazi katika mkahawa mmoja kwa miaka miwili. Nafsi ya kwanza imo katika kila kitenzi, wala hakuna sikio linalochoka.

Sababu iko katika umbo la lugha. Katika Kiswahili, mtendaji huingizwa ndani ya kitenzi kwa kiambishi: ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-. Silabi hiyo ni fupi na mara nyingi haina mkazo, kwa maana mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Fauka ya hayo, kiambishi -ka- huvuta tukio moja hadi jingine, hivi kwamba vitenzi vinne vinavyofuatana husikika kama mwendo mmoja. Kiingereza hakina kiambishi cha aina hiyo. Anayefikiri kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza huichomoa kila ni- kutoka mahali pake na kuisimamisha peke yake mwanzoni mwa sentensi, kwa herufi kubwa. Kilichokuwa hakisikiki kinageuka kelele.

Lipo jambo la pili ambalo walimu wengi hawalitaji. Katika Kiswahili, kiwakilishi kinachosimama peke yake huwa na kazi ya kutilia mkazo. "Nilisoma" ni habari ya kawaida; "mimi nilisoma" humaanisha kwamba wengine huenda hawakusoma. Ndiyo maana watalii wanaojifunza lugha yetu huko Malindi husema "mimi nataka maji, mimi nakwenda sokoni", na wenyeji hutabasamu, kwa kuwa mgeni anajitaja kama mfalme. Kosa lao na kosa letu ni moja, ila linatazama pande mbili. Wao huleta kwetu neno tusilolihitaji. Sisi hupeleka kwao neno wanalolihitaji, lakini mara nyingi kuliko wanavyolitumia wenyewe.

Kutokana na hali hiyo, baadhi ya waandishi huiona "I" kama majivuno na kujaribu kuikwepa kabisa. Matokeo yake huwa mabaya kuliko maradhi. Kuna wanaojiita "the undersigned" au "the applicant", mtindo wa makarani wa zamani. Kuna wanaokimbilia kauli ya kutendwa: "A course in food production was done by me." Na kuna wanaoliondoa neno bila kuweka chochote: "Finished Form Four in 2019. Worked in a restaurant." Mtindo huu wa mwisho unafaa katika ujumbe mfupi wa simu na katika wasifu wa kazi, ambao huandikwa kwa orodha. Katika barua unasikika kama simu ya maandishi ya miaka ya zamani, ambapo mtumaji alilipia kila neno. "I" si neno la aibu katika Kiingereza. Halina mkazo wa "mimi", na barua ya kuomba kazi isiyokuwa nalo humwacha msomaji akijiuliza ni nani anayeomba.

<b>Kuunganisha badala ya kufuta</b>

Dawa ya kwanza ni kuunganisha. Kiingereza huruhusu kiima kimoja kibebe vitenzi viwili au vitatu bila kurudiwa: "She opened the gate, swept the compound and called the owner." Mswahili huona ugumu hapo kwa sababu lugha yake haikiachi kitenzi cha namna hiyo bila kiambishi. Hatuwezi kusema "alifungua lango, fagia ua, piga simu kwa mwenye nyumba". Kila kitenzi kinadai a- yake, au angalau ku-. Kwa hiyo mwandishi hana budi kujizoeza kukiacha kitenzi cha Kiingereza kikiwa uchi, akiamini kwamba kiima cha mwanzo bado kinafanya kazi. Vitenzi vitatu kwa kiima kimoja vinatosha. Cha nne kikiongezwa, sentensi huanza kukosa pumzi.

Dawa ya pili ni kubadilisha kinachotangulia. Sentensi ya Kiingereza yaweza kuanza kwa wakati, mahali au kitu, kisha mtendaji akafuata. Barua ya mpishi wetu yaweza kusomeka hivi:

"I am a trained cook, born and brought up in Kilifi. After finishing Form Four in 2019, I took a course in food production and then spent two years in a restaurant kitchen, cooking mostly fish. My former employer is ready to speak to you about my work."

"I" imebaki mara mbili, na hakuna habari ya maana iliyopotea. Kilichoondolewa ni "hardworking" na "under minimum supervision", vifungu ambavyo barua za kazi za Kenya zimevichakaza hadi havina tena maana. Mahali pake pamewekwa samaki, na mwajiri wa zamani anayeweza kuulizwa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, nusu ya tatizo la viwakilishi hutokana na uhaba wa mambo ya kusema. Mtu asiyekuwa na jambo mahususi hujieleza kwa sifa, na kila sifa hudai "I am" yake. Anayetaja samaki, mkahawa na miaka anapata viima vingine vya kuanzia sentensi bila hata kuvitafuta.

Hali kadhalika matangazo ya nyumba. Watu wengi wa Kilifi na Malindi siku hizi hukodisha nyumba kwa wageni kupitia intaneti, na tangazo la kawaida huandikwa hivi: "The house is near Bofa beach. It has three bedrooms. It has a kitchen. It has a big compound. It is quiet." Hapa kinachorudiwa ni "it". Kiingereza kina uwezo wa kupakia sifa kabla ya nomino, tofauti na Kiswahili ambacho kwa kawaida huziweka nyuma yake: "This quiet three-bedroom house stands a short walk from Bofa beach, with its own kitchen and a large compound." Sentensi tano zimekuwa moja, na "it" zote nne zimekwisha.

<b>Mtego wa -ki-</b>

Mwandishi akishajifunza kuunganisha, hukutana na mtego mwingine, nao unastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu huwanasa hata wasomi.

Kiswahili husema: "Nikitembea katika Barabara ya Bofa, niliona tangazo la kazi." Kiingereza hutumia umbo la kitenzi lenye mwisho wa "-ing": "Walking along Bofa Road, I saw a job advertisement." Hadi hapo hakuna tatizo, kiwakilishi kimoja kimeokolewa. Lakini mwandishi anayeogopa kuandika "I" mara nyingi huendelea na kuandika: "Walking along Bofa Road, a job advertisement was seen." Kwa mujibu wa sentensi hiyo, aliyekuwa akitembea ni tangazo.

Tofauti ni ndogo lakini ina uzito. Kitenzi chenye -ki- cha Kiswahili hubeba mwenyewe popote kiendapo. "Nikitembea" haiwezi kuwa ya mtu mwingine. Ni- imeshikamana nayo. Tukisema "nikitembea katika Barabara ya Bofa, tangazo lilikuwa ukutani", sentensi haipendezi, lakini hakuna anayedhani kwamba tangazo lilitembea. Umbo la "-ing" halina mwenyewe. Ni kama mtoto aliyeachwa mlangoni: humfuata mtu wa kwanza anayetokea baada ya koma, awe mtu, jiwe au tangazo. Mswahili amezoea mtoto anayejua jina la baba yake, ndiyo maana hamwoni huyu akipotea.

Mfano ulioenea zaidi katika barua za kazi ni huu: "Having worked in two hotels, my experience is wide." Aliyefanya kazi katika hoteli mbili hapa ni uzoefu. Mwandishi alitaka kuikwepa "I", akaweka "my experience" mahali pake. Angeandika tu "Having worked in two hotels, I know both the kitchen and the front desk", au aache kabisa umbo hilo na kusema "I have worked in two hotels". Kurudia "I" ni kosa dogo sana likilinganishwa na kumpa kazi mtu asiyekuwepo.

Kanuni ya kukagua ni rahisi. Kila sentensi inayoanza kwa "walking", "having", "being" au "looking" isomwe hadi kwenye koma, kisha liulizwe swali: ni nani? Neno linalofuata koma sharti liwe jibu la swali hilo.

Kuna pia viwakilishi ambavyo havina kazi yoyote, vinavyoingia kwa sababu Kiswahili kilivizoea. "The manager he told me to wait" ni tafsiri aminifu ya "meneja aliniambia nisubiri", ambapo a- ya kitenzi imegeuzwa "he" ingawa meneja amekwisha kutajwa. "The book which I bought it" imetoka kwa "kitabu nilichokinunua", chenye -cho- na -ki- kwa pamoja. "The hotel where I worked there" ni ya jamii hiyohiyo. Katika Kiingereza, jina likishasimama kama kiima, "he" haina nafasi tena. Na "which" au "where" ikishatumika, "it" na "there" zimekwisha kulipwa. Haya hufutwa bila majuto.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba Kiingereza daima hutumia viwakilishi vichache kuliko Kiswahili. Sisi husema "nilinawa mikono". Kiingereza kinadai "I washed my hands", na anayeandika "I washed hands" husikika kama anaandika maagizo ya hospitali. Sisi husema "kuna joto"; Kiingereza kinadai "it is hot", ingawa hiyo "it" haimwakilishi mtu wala kitu. Hapo kiwakilishi kiachwe mahali pake.

<b>Ugonjwa wa magazetini</b>

Wapo wanaodhani kwamba suluhisho la kurudia "he" ni kutafuta majina mengine ya mtu yuleyule. Maradhi hayo ni yetu sisi wa magazeti kwanza, na tumeyaambukiza umma. Habari ya kuzinduliwa kwa kisima huandikwa hivi: "The ward representative opened a borehole in Bofa. The politician thanked the residents. The leader promised a second tank. The father of three asked parents to keep children away from the pump." Msomaji asiyemjua mheshimiwa huyo atahesabu watu wanne kwenye sherehe. Kurasa za Kiswahili nazo hazina nafuu: mbunge huyo, kiongozi huyo, mwanasiasa huyo, mtu yuleyule katika sentensi tatu zinazofuatana.

Ndugu wawili wa Uingereza, H. W. Fowler na F. G. Fowler, waliukejeli mtindo huo katika kitabu chao cha The King's English mwaka wa 1906, na wakaupa jina ambalo wahariri wa Kiingereza wanalitumia hadi leo: "elegant variation". Hoja yao haijazeeka. Msomaji hukiona "he" bila kukitazama, kama anavyoiona nukta. "The politician" humsimamisha, naye hujiuliza kama ni mtu mpya. Ikiwa aya ina mwanamume mmoja tu, "he" yaweza kurudiwa mara nne na isionekane; jina lake likirudi katika aya inayofuata, mambo yamekaa sawa. Jina la sifa litumike pale tu linapoongeza habari. "The father of three" ina haki ya kuwepo ikiwa habari yenyewe inahusu watoto wake.

Programu za kompyuta zinazosahihisha maandishi zimeongeza chumvi kwenye kidonda. Baadhi yake huonya kwamba sentensi tatu zimeanza kwa neno moja, na mwandishi mwenye hofu hubadilisha "he" kuwa "the individual". Onyo lenyewe si baya, kwa kuwa huonyesha mahali pa kutazama. Lakini dawa mara nyingi ni kuunganisha hizo sentensi tatu, kazi inayohitaji mtu anayejua alichotaka kusema.

Maneno "the former" na "the latter" nayo yaepukwe kila inapowezekana. Humlazimisha msomaji kurudi nyuma kuhesabu nani alitajwa kwanza. Jina likirudiwa linachukua nafasi ileile ya karatasi na halimrudishi mtu popote.

<b>"He" au "she"</b>

Kiswahili hakitofautishi jinsia katika viwakilishi. Yeye ni yeye, na a- ni a-, awe baba au mama. Lugha za Kimijikenda zinazozungumzwa Kilifi, kikiwemo Kigiriama, ziko hivyohivyo. Ndiyo maana hata mtu anayekijua Kiingereza vizuri huteleza na kuandika "my mother... he", hasa anapoandika haraka.

Kosa hili katika mazungumzo husamehewa. Kwenye karatasi lina madhara zaidi, na pwani lina madhara ya ziada. Majina kama Kadzo, Kahindi na Karisa yanajulisha jinsia kwa Mgiriama papo hapo. Ofisa wa Nairobi au wa London hajui kwamba Kadzo ni mwanamke. Anachotegemea ni kiwakilishi. Barua ya mapendekezo ikimwita Kadzo "she" katika mstari wa kwanza na "he" katika wa tatu, ofisa haoni kosa la sarufi. Anaona watu wawili, au anashuku kwamba barua imenakiliwa kutoka kwa ya mtu mwingine. Nafasi ya masomo yaweza kupotea kwa herufi moja. Njia ya uhakika ni kuipitia barua mara moja zaidi baada ya kuimaliza, bila kutafuta kosa jingine lolote isipokuwa "he", "she", "his" na "her".

Vipi pale ambapo jinsia haijulikani? Kwa muda mrefu sheria za Kiingereza zilitumia "he" kwa wote. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka wa 1850 iliyosema kwamba maneno ya kiume katika sheria zake yahesabiwe kuwa yanawahusu wanawake pia. Katiba ya zamani ya Kenya ilifuata mkondo huo: mtu anayestahili kugombea urais aliitwa "he". Waliotunga Katiba ya 2010 walichagua njia nyingine. Kifungu cha 137, kinachoeleza sifa za mgombea urais, kinasema "a person" kisha kinarudia "the person" badala ya kutumia "he". Kwa sikio la mwandishi wa hadithi, marudio hayo ni mazito. Kwa katiba ni sahihi, maana hayamwachi mtu nje na hayaachi shaka.

Katika maandishi ya kila siku, wingi ndio unaotuokoa. Tangazo la hoteli lililosema "Every guest must leave his key at the desk" liandikwe "Guests must leave their keys at the desk". Pale umoja unapohitajika, "they" kwa mtu mmoja asiyejulikana inakubalika: "If a visitor calls, ask them to wait." Matumizi hayo si uzushi wa vijana, yamo katika maandishi ya Shakespeare na ya Jane Austen, na mwaka wa 2019 wachapishaji wa kamusi ya Merriam-Webster walilichagua "they" kuwa neno la mwaka. "He or she" inafaa mara moja. Ikirudiwa mara tatu katika aya moja, inageuka kuwa mzigo.

<b>Penye ardhi, jina lirudiwe</b>

Yaliyosemwa hadi hapa yanahusu uzuri na urahisi wa kusoma. Kuna maandishi ambayo hayapaswi kutafuta uzuri. Kilifi ni kaunti ambayo migogoro ya ardhi ni mingi na ya muda mrefu, na maelezo ya nani alimuuzia nani shamba lipi huandikwa na watu wa kawaida kabla hayajafika kwa wakili.

Tuchukulie sentensi hii: "Charo told Katana that he had sold his plot to his brother." Aliyeuza ni Charo au Katana? Shamba ni la nani kati yao? Na ndugu ni wa yupi? Kila kiwakilishi kina majibu mawili, na viko vitatu. Kwa hesabu, sentensi moja ina maana nane. Kiswahili hakituokoi hapa, kwa kuwa "Charo alimwambia Katana kwamba ameuza shamba lake kwa nduguye" ina utata uleule. Tofauti ni kwamba wazee wakiketi chini ya mwembe, mmoja atamkatiza msemaji na kuuliza: shamba la nani? Karatasi haikatizwi. Husomwa miaka kumi baadaye, pengine Charo na Katana wakiwa wameshafariki.

Njia mojawapo ni kubadilisha mpangilio ili mtu wa pili asitajwe kabla ya habari ya wa kwanza kukamilika: "Charo sold his plot to his brother Kahindi. He then told Katana about the sale." Katika sentensi ya kwanza muuzaji ni mmoja, kwa hiyo shamba ni lake na ndugu ni wake. Hata hivyo, "he" ya sentensi ya pili bado yaweza kudaiwa kuwa ni Kahindi, kwa maana jina lake ndilo lililotajwa mwisho. Katika barua ya kirafiki hilo lingepita. Katika maelezo ya ardhi iandikwe "Charo then told Katana".

Hati ya kiapo ina desturi zake. Kanuni za Utaratibu wa Kesi za Madai za mwaka wa 2010 zinataka iandikwe kwa nafsi ya kwanza na igawanywe katika aya zenye nambari, kila aya ikishika sehemu yake ya jambo. Mawakili wa Kenya huanza kila aya kwa neno "THAT", na mara nyingi "I" hulifuata: "THAT I am the registered owner", "THAT I have never sold". Mwalimu wa insha angepiga mstari mwekundu kutoka juu hadi chini. Lakini aya ya hati ya kiapo yaweza kupingwa, kukubaliwa au kufutwa peke yake bila nyingine kuguswa, hivyo kila moja hulazimika kusimama na mwenyewe ndani yake. Hapa mbinu ya kuunganisha vitenzi vitatu kwa kiima kimoja haifai, na aliyeizoea aiweke kando.

Shamba lenyewe nalo lisiitwe "it" aya inapotaja mashamba mawili yanayopakana. Litajwe kwa nambari yake ya usajili kila mara, hata kama nambari hiyo itaonekana mara tano katika ukurasa mmoja.